Mzee na Meno Yake Mapya

Watu wengi hudhani ya kuwa mzee aliyepoteza meno yake yote akipatiwa meno ya bandia, basi shida yake imekwisha siku ile ile. Huketi katika kiti cha daktari akiwa kibogoyo, huinuka akiwa na meno 28, kisha hurudi nyumbani kutafuna nyama. Nimewasikia watu wakimpongeza baba yangu kwa namna hiyo, kama mtu aliyenunua baiskeli. Lakini hata baiskeli, aliyeinunua bila kujua kuipanda huisukuma tu njia nzima. Meno haya nayo ni vivyo hivyo. Hupatikana kwa siku moja, bali kujifunza kuyatumia ni kazi ya miezi. Na wazee wasioambiwa neno hili mapema huyajaribu juma moja, huumia, huona haya, kisha huyafungia sandukuni na kuurudia uji wao. Najua masanduku matatu ya namna hiyo katika kata yetu peke yake.

Kwa sababu hiyo naomba wasomaji wanivumilie nikiwaeleza jinsi mambo yalivyokwenda nyumbani kwetu tangu mwaka 2023. Mimi ni karani wa serikali, si daktari, nami nasimulia tu niliyoyaona kwa macho na niliyoelezwa na wenye kujua. Lakini wengi wenu mna wazazi wa umri ule, na huenda neno moja likawafaa.

Baba alizaliwa mwaka 1942, karibu na ufuko wa ziwa katika Nyanza. Amekuwa mkulima na mvuvi maisha yake yote. Hakupata kuwa chifu wala mwalimu, ila tangu nilipokuwa mtoto watu walimwita kila palipokuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na kila palipokuwa na maziko, kwa maana alijua kusema. Hakupaza sauti. Alipanga maneno yake polepole kama mtu anayehesabu mbegu, na alipomaliza ilikuwa vigumu mtu mwingine kupata la kuongeza.

Meno yake yaliondoka moja moja kwa ugonjwa wa fizi, na matano ya mwisho yaling'olewa mwaka 2022, kwa sababu yalikuwa yakitikisika hata kwa ulimi. Baada ya hapo alianza kukaa nyuma katika mikutano, kisha akaacha kwenda kabisa. Alisema, "Maneno yangu sasa yanatoka na upepo." Nyumbani alingoja sisi tumalize kula ndipo ale peke yake, akiwa ameupa mlango kisogo. Mama alinionyesha mshipi wa suruali yake: ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Hilo la mshipi lilinitia hofu, lakini lile la kula peke yake lilinihuzunisha zaidi, maana kwetu mtu mzima hali peke yake isipokuwa amegombana na watu.

Ndugu zangu nami tulichanga fedha, na fahali mmoja akauzwa. Hapo tena ikabidi tuchague pa kwenda. Kulikuwa na mtu mmoja aliyezunguka masokoni na mkoba wake, naye aliahidi kumaliza kazi yote kwa siku moja, kwa bei iliyo nusu ya ile ya hospitali. Mjomba wangu alikuwa amepata meno kwake; yalikuwa yakimchapa ufizi kila alipofumba kinywa, na alipomtafuta yule bwana ayarekebishe, soko lilikuwa lipo lakini bwana hayupo. Katika Kenya daktari wa meno lazima awe ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na mtu yeyote aweza kutaka kuonyeshwa cheti chake. Si utovu wa adabu kukiomba. Mimi kazini naombwa kitambulisho kila siku, wala sikasiriki.

Basi baba akaja kukaa kwangu mjini Kisumu, tukawa tunakwenda pamoja kwa daktari, binti mmoja mwenye umri kama wangu, ambaye alimwita "Mzee" naye akaitwa "mwanangu." Kwanza alimtazama fizi, akaridhika kwamba zimepona vizuri, miezi mingi ilikuwa imepita tangu meno kung'olewa, nalo ndilo linalotakiwa, kwa sababu fizi mbichi hubadilika umbo upesi na meno yaliyopimwa juu yake hulegea mapema. Safari za kwanza zilikuwa za kuchukua chapa ya taya la juu na la chini kwa kitu laini kinachogandia kinywani, kisha kupima jinsi mataya yanavyokutana. Safari iliyofuata meno yaliletwa yakiwa yamepangwa katika nta, ili yajaribiwe kabla ya kumiminwa katika akriliki.

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo sikulitazamia. Baba alipewa kioo, akajitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

Wasomaji wa kwetu wataelewa mara moja. Wa sehemu nyingine niwaeleze. Zamani kijana wa Kiluo alipokaribia utu uzima aliondolewa meno sita ya mbele ya taya la chini. Kazi hiyo iliitwa nago, na mtu aliyeifanya aliitwa janak. Ilimwingiza kijana katika hesabu ya watu wazima, na wazee wengine huongeza ya kuwa pengo lile lilisaidia kumnywesha uji mgonjwa aliyefungwa taya na pepopunda. Baba aliondolewa yake mwaka 1956. Kwa miaka zaidi ya sitini hakuna aliyepata kuona jino mahali pale, si mama, si sisi watoto. Sasa fundi, kwa nia njema, alikuwa amempangia safu kamili, naye akajiona mgeni katika uso wake mwenyewe. Akasema kwa upole, "Mwanangu, haya sita si yangu. Niliyatoa nikiwa kijana. Yaondoe."

Mimi niliona aibu kidogo, nikadhani daktari atakataa. Hakukataa. Alifikiri, akasema ya kuwa mwenye meno ya bandia hatakiwi kuuma kitu kwa meno ya mbele hata kidogo, kwa sababu ukiuma kwa mbele bamba huinuka kwa nyuma. Kwa hiyo katika kutafuna Mzee hapungukiwi na neno. Kazi iliyobaki ya meno yale ni kuuegemeza mdomo wa chini usitumbukie ndani, na hiyo yaweza kufanywa na bamba lenyewe likifinyangwa nene kidogo. Fundi aliyatoa yale sita katika nta kwa dakika chache. Baba akatazama tena, akacheka, na mama alipoonyeshwa picha kwa simu akasema, "Naam, huyo namjua."

Lakini pengo lile lilikuwa na gharama yake, na daktari hakutuficha. Mfupa wa taya hukaa kwa ajili ya meno. Meno yakiondoka nao hupungua, kama tuta la viazi lisiloinuliwa tena linavyoisha kwa mvua. Hupungua upesi zaidi katika mwaka wa kwanza, na baadaye huendelea polepole siku zote, na taya la chini hupungua zaidi kuliko la juu, karibu mara nne. Kwa baba tuta la mbele lilikuwa limenyeshewa tangu 1956. Meno ya juu hayakuwa na matata makubwa, maana bamba lake hufunika kaakaa lote na hushikwa na utando mwembamba wa mate, vile vile kama vioo viwili vilivyolowa visivyokubali kuachana. Ya chini hayana kaakaa la kushika; yamekaa kama upinde juu ya tuta jembamba, na ulimi umo katikati, nao hautulii. "Ya juu hukaa yenyewe," daktari alisema, "ya chini hukalishwa na ulimi na mashavu. Ulimi wako utafundishwa kazi mpya, Mzee, nao una miaka themanini na moja." Baba akajibu kwamba ulimi huo umefundika katika mambo magumu kuliko hayo.

Siku za kungoja nilimsimulia habari za George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, ambaye alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Wako wanaosema ya kuwa meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, si kweli. Yalichongwa kwa meno ya kiboko, yakatiwa meno ya watu na madini, yakaunganishwa kwa springi zilizosukuma ya juu yaachane na ya chini, hata ikambidi akaze taya ili kinywa kifumbike. Atakaye aitazame noti ya dola moja aone jinsi alivyobana midomo. Alipoapishwa mara ya pili, mwaka 1793, hotuba yake ilikuwa na maneno 135 tu, na hakuna Rais wa nchi ile aliyesema machache kuliko hayo siku ya kuapishwa. Baba, ambaye kiboko amemchania nyavu mara nyingi na kumlia mahindi, aliipenda sana habari hii. Akasema, "Kumbe Wazungu kiboko aliwatafunia chakula, sisi atutafunia shamba."

Sikumweleza lile la pili nililolisoma: kwamba baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yalikusanywa na kuuzwa kwa mafundi wa meno, matajiri wakayavaa. Baadaye, katikati ya karne ile, ukaja mpira uliopikwa kwa kiberiti ukawa mgumu, na meno yakashuka bei. Na tangu miaka ya 1930 imekuwa akriliki, ndiyo hii ya rangi ya ufizi tunayoijua. Nadhani mzee asiyependa meno yake angefurahi kidogo akijua ya kwamba amezaliwa baada ya kiboko.

Meno yalikuwa tayari mwezi wa Septemba 2023. Kwa desturi ya kazi yangu niliweka daftari, nami naliona mbele yangu ninapoandika. Siku ya kwanza nimeandika: "Mate mengi sana. Amesema kinywa kimejaa kama mtu aliyemeza kikombe." Jambo hili huwatisha watu, lakini lina sababu yake. Kinywa hakijui kuwa hicho kilichoingia ni meno. Hudhani ni chakula, nacho humwaga mate kukilainisha. Baada ya siku chache huzoea. Siku ya pili alitaka kutapika kila alipoingiza ya juu, akaelekezwa avute pumzi taratibu kwa pua. Siku ya tatu alijiuma shavu. Siku ya nne sikuandika kitu, ila neno moja, "Kimya," maana alikuwa ameyatoa na kuyaweka dirishani, hakutaka kusema na mtu.

Kilichomtoa baba katika kimya kile hakikuwa maneno yangu. Binti wa kaka yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa, na mazungumzo ya mahari yamepangwa mwezi wa Desemba. Kwetu mwenye nyumba ndiye asemaye. Baba alikuwa amekwisha kutuma habari kwamba kaka yangu aseme badala yake, naye kaka akanipigia simu akiwa na huzuni, kwa sababu wakwe watarajiwa wangeuliza, Je, mzee ni mgonjwa, au ameipuuza posa yetu? Habari hii ilimfikia baba siku ya nne. Jioni yake aliyachukua meno dirishani, akayaosha, akaniuliza, "Yule binti alisema nihesabu mpaka ngapi?"

Alikuwa amepewa zoezi la kuhesabu kwa sauti, kuanzia sitini hadi sabini na tisa. Lugha ya Kiswahili imefaa sana hapa. Mtu ajaribu kusema "sitini na sita, sitini na saba, sabini na sita, sabini na saba" akiwa na bamba jipya kaakaani, ataona jinsi kila sauti ya "s" inavyotoka na mluzi. Ulimi umezoea kugusa nyama, sasa wagusa ukuta ulio mnene zaidi, nao hupotea njia kwa unene wa kucha tu. Baba alihesabu asubuhi na jioni, akikaa barazani, hata jirani yangu mmoja akaniuliza kwa siri kama mzee amepokea fedha za shamba. Alipochoka na hesabu alinisomea gazeti kwa sauti, polepole, na baada ya gazeti alitaja majina ya wavuvi wote aliopata kuvua nao, waliokufa na walio hai. Katika juma la tatu mluzi ulikuwa umekwisha, isipokuwa akisema kwa hasira.

Kula kulikuwa kugumu kuliko kusema. Waliopima nguvu ya kutafuna wameona ya kuwa mwenye meno ya bandia katika mataya yote mawili hafikishi zaidi ya robo hivi ya nguvu za mwenye meno ya asili; kwa hiyo yeye asemaye "nitatafuna kama zamani" amedanganywa na aliyemuuzia. Juma la kwanza baba alikula ugali laini na mchuzi, mayai, ndizi za kupikwa. Alifundishwa kugawa tonge mara mbili, nusu kuume na nusu kushoto, akatafuna pande zote mbili kwa pamoja, maana ukitafuna upande mmoja upande wa pili huinuka. Nyama ilikatwa vipande vidogo kama vya kumpa mtoto. Mwezi wa pili alirudia nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka mpaka yakapasuka. Mahindi ya kuchoma na muwa ameviaga, na msimu wa mahindi mabichi ukifika huondoka mahali wanapochoma.

Lakini neno kubwa kwetu ni samaki. Hili sikuwahi kulisoma mahali, nami nataka wenzetu wa ziwani na wa pwani walisikie. Kaakaa ndilo linalomwambia mtu kwamba kinywani mna mwiba. Likifunikwa na bamba, halisemi tena. Vivyo hivyo halisemi kwamba chai ni ya moto. Mtu hugundua ikiwa imefika kooni. Siku baba alipokula ngege kwa mara ya kwanza mwiba ulimpita bila yeye kujua, ukamkwama, tukakimbizana naye hospitali usiku. Uliondolewa, hakupata madhara. Mama akaamua tangu siku ile kumchambulia samaki mwenyewe, na baba akakataa kula, akisema hajawa mtoto. Siku mbili nyumba ilikuwa na baridi.

Mwisho aliivumbua njia yeye mwenyewe. Sisi twala kwa mkono, na mkono una macho. Alianza kuchukua samaki kidogo kidogo, akimponda kati ya kidole gumba na vidole viwili kabla ya kumpeleka kinywani, na kila mwiba ulionekana hapo. Alirudisha kwenye vidole kazi iliyokuwa ya kaakaa. Daktari alipoambiwa alishangaa, akasema ya kuwa wanaokula kwa uma hawawezi kufanya hivyo. Naona hapa sisi tumewashinda wenye uma, nami nasema hivi bila kiburi kikubwa.

Vidonda vilikuja, kama tulivyoonywa. Katika juma la pili palitokea kimoja chini ya ulimi upande wa kushoto. Baba alitaka kuyatoa meno siku zote tano zilizobaki mpaka siku ya kwenda kwa daktari. Tuliambiwa yatolewe ili ufizi upumzike, lakini yavaliwe saa kadhaa kabla ya kufika hospitalini. Kwa sababu kidonda kikipona, alama nyekundu hupotea, na daktari hajui pa kusugua. Jirani mmoja, seremala hodari, alikuja na tupa yake akajitolea kuyapunguza. Nilimshukuru nikaificha tupa. Ukipunguza mahali pasipo penyewe, bamba haliketi tena, wala hakuna wa kuirudisha akriliki iliyokwisha kusuguliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa meno yaliyovunjika: watu huyaunga kwa gundi ile kali ya dukani, nayo ni sumu kinywani, tena vipande hugandana vimepinda, na fundi hawezi kuviunga sawasawa.

Kuyatunza si kazi ngumu, ila yataka mazoea. Yaoshwe kila baada ya kula, na mara moja kwa siku yasuguliwe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kisha yasuuzwe. Dawa ya meno tunayotumia sisi ina chembe zinazokwaruza akriliki, na katika mikwaruzo hiyo uchafu hupata maskani. Maji ya moto huyapinda. Dawa ya kung'arishia nguo, ambayo shangazi yangu aliisifu sana, huila rangi ya bamba, na tusiitumie kwa kubahatisha. Mtu ayaoshe juu ya beseni lenye maji au juu ya taulo, kwa maana yakiteleza yakaanguka kwenye sakafu ya saruji ndiyo mwisho wake. Fizi nazo na ulimi visuguliwe. Kibogoyo naye ana kinywa cha kuosha.

Palipokuwa na mabishano marefu ni juu ya usiku. Daktari alisema meno yatolewe wakati wa kulala na kuwekwa katika maji, ili fizi zipate hewa na mate yazioshe; yasipotolewa, ukungu humea chini ya bamba, na kaakaa huwa jekundu na kuwasha. Yakiachwa makavu nayo hubadilika umbo. Baba hakutaka. Alisema, "Kama nikiitwa usiku, watanikuta sina meno." Nilikuwa nimesoma habari ya utafiti uliofanywa Japani, ukatolewa mwaka 2015, juu ya wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi: waliolala na meno ya bandia walipatwa na nimonia karibu mara mbili ya wale walioyatoa, kwa kuwa vijidudu vya kinywani huvutwa mapafuni katika usingizi. Nilimsomea yote kwa utaratibu. Akasikiliza, akasema ya kuwa Japani ni mbali. Ni mama aliyeyamaliza maneno. Alimwambia, "Hao wazee wako watakaokupokea walikujua ukiwa huna meno sita. Watakutambua zaidi ukiwa huna yote." Tangu usiku ule yanalala katika bakuli.

Bakuli lenyewe lina kifuniko, nalo hukaa juu ya kabati. Mwanangu wa miaka mitano aliwahi kulipeleka nje, akawa akiwaonyesha watoto wenzake meno ya babu, na kila mtazamaji alitoa kitu: jiwe zuri, kizibo cha chupa. Nyumba yenye mbwa ijihadhari zaidi.

Desemba ilipofika baba alirudi nyumbani siku tatu kabla ya mazungumzo. Daktari alikuwa amempa ruhusa ya kutumia gundi maalumu ya meno ya bandia siku ile, matone mawili madogo katika bamba la chini, akamwonya ya kuwa gundi si tiba ya meno yasiyokaa vema, ni msaada wa siku moja. Wageni walifika saa nne. Baba alikaa mahali pake pa zamani, akasema kwa kadiri ya nusu saa. Alisema polepole kuliko alivyokuwa akisema zamani. Katikati ya maneno juu ya hesabu ya ng'ombe, bamba la chini liliinuka. Nilimwona akifumba midomo, akachukua kikombe, akanywa maji kidogo, akanyamaza mpaka ulimi umelirudisha. Wakwe wetu walidhani ananyamaza kwa uzito wa jambo. Mkubwa wao akainama akasemezana na mwenzake, kisha wakaongeza ng'ombe mmoja ambaye hatukuwa tumemtaja. Kaka yangu na mimi hatukutazamana.

Jioni ile alikula pamoja na watu, mlango ukiwa mbele yake.

Mshipi wa suruali umerudia tundu lake la zamani, au karibu yake. Mwaka kwa mwaka huenda kwa daktari akaguliwe, hata kama hakuna kinachouma, kwa maana kidonda kisichopona kwa majuma mawili chapasa kutazamwa kisije kikawa saratani. Meno ya namna hii hutumika miaka mitano mpaka kumi hivi; na kwa kuwa tuta halikomi kupungua, bamba lililokuwa likikaa vizuri huanza kucheza. La chini limekwisha kuanza. Akicheka sana hugonga, naye sasa hucheka kwa kujizuia, jambo ambalo mama halipendi. Daktari amesema halihitaji kutengenezwa jingine, litatiwa bitana mpya ndani ili lifuate umbo la ufizi lilivyo sasa, na lazima likae kwa fundi siku nzima. Baba ameuliza kama yawezekana isiwe Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ameitwa kwenye shauri la mpaka. Tumepewa Jumatatu inayofuata, nami nimekwisha kuomba ruhusa ofisini.